Hamu ya Bugali Ugenini

Mtu wa Aru akivuka mpaka kwenda Arua, hamu ya chakula cha kwao haimsumbui sana. Ni Walugbara huku na kule, na bugali ya muhogo iko. Lakini kijana wako akifika Kampala, zaidi ataona matoke na posho ya mahindi. Na ule wa Bruxelles je? Afazali yeye: kule Ixelles kuko mtaa wa Matonge, wenye jina la Matonge ya Kinshasa, sombe inauzwa mule ikiwa barafu. Aichemshe vizuri tu.

Kumbe shida iko kwetu sisi tunaofunga mizigo. Mtoto analilia unga wa nyumbani, na mama anaharakisha muhogo mchungu usiku mmoja ndani ya maji. Hapana, mama! Sumu yake haitoki hivyo. Mwaka 2017 kule Kasese, Uganda, unga wa muhogo uligonjesha watu 98, wawili wakakufa. Uloweke siku tatu ao ine, kisha uanike kwa jua. Kama safari ni kesho, umfungie karanga na simsim.