Ufunguo wa Taarifa za Mgonjwa Uwe Mkononi mwa Mgonjwa

Mama mjamzito anayeanza kliniki katika zahanati ya kijijini huko Mtae hupewa kadi. Ndani yake huandikwa uzito, shinikizo la damu na majibu ya vipimo. Akipewa rufaa kwenda Lushoto mjini, au akiteremka milima ya Usambara kupitia Soni na Mombo hadi Hospitali ya Bombo jijini Tanga, kadi husafiri naye mkobani. Kila anayeisoma huisoma kwa kuwa mwenyewe ameitoa.

Sasa kumbukumbu zinahamia katika kompyuta, na faida zake ni dhahiri: haziloani kwa mvua wala hazipotei safarini. Lakini mama huyo haoni tena ni nani anayezifungua. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Leo mtungi mmoja unaweza kuchotwa na kata nyingi asizozijua mwenye mtungi. Katika vijiji ambako watu wanafahamiana kwa ukoo na kwa jina, siri moja ikivuja yaweza kuvunja ndoa, au kumfanya mgonjwa aache dawa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inampa mhusika haki ya kujua zinavyotumika na kudai zirekebishwe. Hata hivyo, haki hiyo inahitaji chombo cha kuitekeleza.

Teknolojia iliyogatuliwa yaweza kuwa chombo hicho. Hospitali hutoa cheti cha kidijitali chenye saini yake, na mgonjwa hukihifadhi katika simu yake. Kituo kingine huihakiki saini hiyo bila kuomba faili zima kutoka ghala moja kuu. Daftari la pamoja la kielektroniki hubeba funguo za kuhakiki saini tu, wala si majina ya magonjwa. Mfamasia huonyeshwa dawa iliyoandikwa. Historia yote ya mgonjwa haimhusu.

Jina zuri la teknolojia, hata hivyo, si dhamana. Nchini Kenya, mradi wa Worldcoin ulijinadi kwa lugha hiyohiyo ya ugatuzi huku ukipiga picha mboni za macho ya watu na kuwapa sarafu za kidijitali. Serikali iliusimamisha Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliagiza taarifa hizo zifutwe. Ridhaa inayonunuliwa si ridhaa.

Wapo watakaouliza: vipi kuhusu simu inayotumiwa na familia nzima, mtandao unaokatika mabondeni, au mgonjwa aliyezimia? Maswali haya ni ya haki, na mfumo usioyajibu haufai kuletwa Usambara. Nakala ya karatasi yenye msimbo wa kuhakikiwa iendelee kutolewa. Mgonjwa amteue mtu anayemwamini amtunzie ufunguo wa akiba. Hospitali ibaki na kumbukumbu zake za tiba, na wakati wa dharura daktari aruhusiwe kuzifungua, mradi jina lake na saa aliyofungua viandikwe mahali ambapo mgonjwa ataviona. Nchini Estonia, mgonjwa tayari huweza kuona ni nani aliyetazama kumbukumbu zake.

Kazi hii haihitaji kusubiri mitambo mipya. Mhudumu wa afya anaweza leo kutopiga picha kadi ya mgonjwa na kuituma katika kundi la WhatsApp, kutompa mwenzake nywila yake, na kumweleza mgonjwa kwa nini taarifa fulani inahitajika. Mgonjwa naye anaweza kuuliza: nani ataiona? Swali hilo si utovu wa adabu. Mama wa Mtae aliijua haki hiyo tangu siku alipoitia kadi yake mkobani. Kompyuta isije ikamnyang'anya.