Uingereza Haina Baridi Moja, Mama (Sehemu ya 7)

Haya mama zangu, tuendelee. Tangu nianze mfululizo huu kuna swali moja mnaniuliza karibu kila wiki: "Dada nesi, huku Uingereza mtoto avalishwe nguo ngapi?" Leo nalijibu, ila jibu langu litawaudhi baadhi yenu. Uliza kwanza: Uingereza ipi?

Jirani yangu ni babu mmoja mstaafu. Bustanini ana kipimamvua, na kisanduku cheupe cha mbao chenye matundu ya hewa, ndani yake kuna kipimajoto. Kila siku saa tatu asubuhi anatoka na daftari lake, inyeshe isinyeshe, hata Krismasi. Shemeji yake anaishi Norfolk, kule mashariki, naye ana vyombo vyake. Jioni wanapigiana simu wabishane. Huyu wa kwetu magharibi anasema, nyie huko mvua hamuijui. Yule anamjibu, na nyie hamjui upepo wa Bahari ya Kaskazini, unaingia mpaka kwenye mifupa. Mwanzoni nilikuwa nacheka peke yangu jikoni. Watu wazima, wajukuu wanao, wanagombania mvua!

Baadaye nikajifunza kwamba ni mila yao ya siku nyingi. Mwaka 1860 bwana mmoja, George Symons, alianza kukusanya vipimo vya mvua kutoka kwa watu wa kawaida waliopima majumbani mwao. Alipofariki mwaka 1900 walikuwa zaidi ya 3,000. Na mimi naona hawa wazee wa madaftari wanatufaa sisi wenye watoto wadogo kuliko ndugu zetu wanaotutumia ushauri kwa sauti kwenye simu. Kwa nini? Kwa sababu mzee wa daftari anaongelea bustani yake tu. Ndugu yako yuko London, lakini anaongea kama yuko kila mahali.

Sikia tofauti yenyewe. Seathwaite, kijiji cha milimani Cumbria, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Nenda pwani ya Essex, nchi hiyo hiyo, ni milimita 500 na kitu. London yenyewe, ambayo kila mtu nyumbani anadhani haikauki, hupata kama 600, na Dar inaizidi mbali. Ila ya Dar inamwagwa kwa msimu, ya London inadondoka kidogo kidogo mwaka mzima. Sababu ni upepo. Mara nyingi unatoka Atlantiki umebeba maji, unagonga milima ya magharibi, unamwaga huko, unafika mashariki mkavu. Mchaga ataelewa haraka: upande wa Moshi mgomba unastawi, upande wa kaskazini wa mlima huo huo ni vumbi. (Manchester nayo inasingiziwa jamani. Cardiff na Glasgow zote zinaizidi kwa mvua.)

Sasa niwaambie langu, na naona aibu kidogo kwa sababu mimi ni nesi.

Tulihama kutoka Norwich kuja Lancashire mwanangu wa kwanza akiwa na miezi saba. Norwich nilizoea kuanika nguo nje hata Oktoba. Huku nikaanika wiki ya kwanza, zikanyeshewa. Wiki ya pili, zikanyeshewa. Nikaamua kuanika ndani, juu ya hita, chumbani kwa mtoto kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto. Na madirisha nikafunga, si baridi? Mzigo mmoja wa nguo ukikaukia ndani, maji yanayoingia hewani ni lita nzima au zaidi. Yanakwenda wapi? Yanakwenda kwenye ukuta wa baridi.

Januari nilipovuta kitanda cha mtoto nifagie, nikakuta ukuta wa nyuma mweusi. Ukungu, kuanzia chini mpaka usawa wa mto wake. Wiki tatu alikuwa anakohoa usiku, na mimi nampa maji na kusema ni mafua ya kawaida. Mwenye nyumba nilipompigia alinijibu neno moja, fungua madirisha. Nilikasirika sana. Leo nasema alikuwa na nusu ya haki: kufungua dirisha kunasaidia kweli, hata siku ya baridi. Nusu nyingine ilikuwa yake, kwa sababu feni ya bafuni ilikuwa mbovu tangu tunaingia na ukuta ule ulikuwa unapitisha maji ya mvua ya magharibi.

Msichukulie mzaha hili. Rochdale, Desemba 2020, mtoto wa miaka miwili alifariki kwa sababu ya ukungu wa nyumbani kwao. Wazazi wake walikuwa wamelalamika. Ndiyo maana England leo kuna Sheria ya Awaab, imebeba jina lake, inayowabana wenye nyumba za jamii warekebishe kwa muda maalumu. Piga picha ukuta wako, andika tarehe, tuma malalamiko kwa maandishi. Na mtoto akipumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani, usingoje asubuhi, piga 999.

Kwa hiyo nguo ngapi? Angalia chumba, usiangalie ramani. Chumba anacholala mtoto kiwe nyuzi 16 hadi 20. Mguse kifua au nyuma ya shingo. Mikono ya baridi isikutishe, ya watoto wachanga huwa hivyo. Shingo ikiwa na jasho, punguza nguo. Sisi Waafrika tunaogopa baridi mpaka tunawapika watoto. Kofia ndani ya nyumba wakati amelala, hapana. Na joto nalo lipo: Julai 2022 Coningsby, Lincolnshire, ilifika nyuzi 40.3. Siku kama hizo usifunike kigari cha mtoto kwa kitenge ukidhani ni kivuli, ndani kunakuwa tanuri.

Jua ndilo ambalo haliko sawa kabisa. Katikati ya Desemba London ina karibu saa nane za mchana, Aberdeen hazifiki saba, Shetland hazifiki sita. Lakini hapa hata wa London asijidai, majira hayo jua la nchi nzima halitoshi kutengeneza vitamini D. Mtoto anayenyonya apewe matone kila siku tangu kuzaliwa, mikrogramu 8.5 hadi 10. Akinywa maziwa ya kopo nusu lita au zaidi kwa siku, hahitaji. Na wewe mama mwenye ngozi nyeusi, 10 zako ni za mwaka mzima.

Mimi siku hizi nina kidude cha kupima joto na unyevu, babu jirani ndiye aliyenichagulia, na huja kukikagua kama mkaguzi wa shule. Jana usiku kilisoma nyuzi 18. Mdogo wangu wa pili alilala na nguo moja ya mikono mirefu na mfuko wake wa kulalia. Dada yangu wa London akapiga simu ya video, akamwona, akanigombeza nusu saa kwamba nimemwacha mtoto uchi.