Mwanamke aliyetwanga vitani hakuwa na mshahara

Mtajie mtu wa Tanga vita ya mwaka 1914, atakusimulia habari za nyuki. Ni kweli nyuki waliwavamia askari walioletwa na Waingereza kutoka India wakashuka upande wa Ras Kasone Novemba mwaka ule, na siku chache baadaye wakarudi melini wameshindwa. Wanaosimulia nani aliwapikia waliopigana ni wachache.

Huko Uingereza na Ujerumani, wanaume walipokwenda vitani wanawake waliingia viwandani kutengeneza risasi na mabomu. Walilipwa, ingawa chini ya wanaume. Pwani ya Tanga kazi za wanawake ziliongezeka pia, ila mshahara haukuja nazo. Vijana walichukuliwa upagazi, na jembe, kuni na maji vikabaki kwa kina mama na wazee. Manowari za Uingereza zilipoziba bahari, nguo za dukani ziliadimika, na usokotaji wa pamba na ufumaji wa mkono vikarudi katika koloni.

Wake wa askari wa Mjerumani nao walikuwa na safari yao. Jeshi lilipoiacha Tanga mwaka 1916 na kurudi nyuma kuelekea Rufiji, wengi wao walilifuata, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Jenerali Lettow-Vorbeck mwenyewe ameandika habari zao. Jioni, askari akishatua bunduki, mke ndiyo kwanza anatafuta kuni. Wapo waliojifungua njiani, na kesho yake msafara ukaendelea.

Kazi hiyo ilikuwa na thamani gani? Tazama wapagazi wa Waingereza, wale walioacha jina la Kariakoo kule Dar es Salaam. Zaidi ya 90,000 walikufa, na wengi hawakufa kwa risasi bali kwa maradhi, kuhara damu kukiwa mbele. Unga ulichangia. Kila anayejua jikoni anajua kwamba mahindi hukobolewa kwenye kinu, hupepetwa, huoshwa na kuanikwa kabla ya kusagwa, na ugali unataka moto wa kutosha. Mpagazi alipewa unga mkavu wenye pumba, sufuria ya kugombania na kuni mbichi, tena baada ya kutembea kutwa. Wengine kwao walikula ndizi au mtama, mahindi hawakuyazoea. Walimeza ugali nusu mbichi, na matumbo yakachubuka. Baadaye jeshi lililazimika kuweka wapishi kambini na kuangalia unga unavyosagwa. Ni kazi ambayo mke au mama huifanya kila siku bila kuitwa mtaalamu wa lishe!

Amani, kule milima ya Usambara, wataalamu wa Kijerumani walitumia magamba ya mkwinini kupata dawa ya malaria, na kazi yao imeandikwa vizuri vitabuni. Kinu na mchi havikupata mwandishi.

Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa hai malimbikizo ya mishahara yao. Wazee walijipanga foleni Mwanza, na inasimuliwa kwamba wasio na vyeti walipewa ufagio na kuamrishwa gwaride kwa Kijerumani ili kuthibitisha utumishi wao. Kwa kutwanga na kupika kwenye safari ile ile, hakukuwa na foleni.