JASHO LA UGENINI SI MBADALA WA KAZI NYUMBANI

Fedha ambazo mfanyakazi aliye ugenini huwatumia jamaa zake si sadaka ya nchi tajiri. Ni ujira wake, alioutolea jasho. Hata hivyo, zipo serikali zinazozihesabu fedha hizo kama neema iliyojileta yenyewe, zikasahau kuuliza kwa nini mwananchi aliondoka. Historia ya Ureno na Albania yaonyesha gharama ya usahaulifu huo.

Tangu 1961 utawala wa kidikteta wa Ureno ulipigana vita vya kuzuia uhuru wa makoloni yake ya Afrika. Vita hivyo vilimeza karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali. Vijana wa Kireno, wakikimbia umaskini wa vijijini na amri ya kuingia jeshini, walivuka mipaka kwa maelfu, wengi bila hati, wakaingia Ufaransa. Huko walijenga nyumba za wengine, huku wao wakilala katika vibanda vya Champigny, karibu na Paris.

Fedha walizotuma nyumbani zilisaidia kuziba pengo la biashara ya nje la utawala ule ule waliokuwa wameukimbia. Hivyo, wapiganaji wa FRELIMO waliopata mafunzo Nachingwea walikabiliana na dola iliyosaidiwa, kwa sehemu, na jasho la Wareno waliokataa kupigana nao.

Utawala huo uliangushwa tarehe 25 Aprili, 1974. Fedha hazikukoma, kufikia mwaka 1980 zilikaribia sehemu moja ya kumi ya pato la taifa. Lakini zilipita katika benki zilizowawekea wahamiaji akaunti maalum za akiba, na mwaka 1986 Ureno ikajiunga na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Barabara, viwanda na ajira vikaongezeka. Leo Ureno bado hupokea zaidi ya euro bilioni 3 kwa mwaka, lakini kiasi hicho hakifiki asilimia 2 ya pato lake. Fedha hazikutoweka, nchi ndiyo iliyokua.

Albania ilipita njia nyingine. Kwa miongo mingi raia wake walikatazwa kutoka. Mlango ulipofunguka, walitoka kwa kishindo: mwezi Agosti 1991 meli moja, Vlora, ilifika Bari, Italia, ikiwa na watu wapatao 20,000. Katika miaka iliyofuata, fedha zilizotumwa kutoka Ugiriki na Italia zilipita asilimia 15 ya pato la taifa.

Lakini benki zilikuwa dhaifu na serikali ilizembea. Matapeli wakafungua makampuni ya upatu yaliyoahidi faida isiyowezekana, na akiba za watu, zikiwamo za wahamiaji, zikatumbukia humo. Mapema mwaka 1997 makampuni hayo yalianguka yakiwa na madeni ya karibu nusu ya pato la taifa. Ghala za silaha zikavunjwa, na watu wapatao 2,000 wakapoteza maisha. Hadi sasa Albania hutegemea fedha za ugenini kwa kadiri ya asilimia 9 ya pato lake, na watu wake wamepungua kutoka milioni 3.2 mwaka 1989 hadi milioni 2.4 mwaka 2023.

Hata Ureno haina kinga. Baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2011, zaidi ya watu 100,000 kwa mwaka waliondoka tena. Ajira zikitetereka nyumbani, mwenye nguvu hufunga mzigo.

Hapana sababu ya kumlaumu anayetuma wala anayepokea. Ada ya shule, dawa na bati la nyumba ya mzazi ni mahitaji ya haki. Lawama ni ya uongozi unaojisifu kwa wingi wa fedha hizo bila kulinda akiba ya mnyonge na bila kujenga mahali pa kazi. Somo hilo linaihusu pia Afrika Mashariki, ambako Kenya peke yake ilipokea karibu dola bilioni 5 mwaka 2024.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kipimo cha serikali si wingi wa fedha zinazotoka ugenini, bali ni idadi ya vijana wanaoweza kubaki nyumbani, wakafanya kazi na wakaishi kwa heshima.