Mabilioni ya barabara yapita Eastlands, wakazi wabaki na matope

MIRADI ya miundombinu inapozinduliwa humu nchini hutajwa kwa urefu wa kilomita, kwa mabilioni ya pesa na kwa jina la mfadhili. Ni nadra kusikia ikitajwa idadi ya watu watakaoitumia kwa miguu.

Pengo hilo ladhihirika katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ambako maelfu ya wafanyakazi hutembea kila alfajiri kutoka Kayole, Kariobangi na Mukuru kuelekea Eneo la Viwanda na Gikomba. Hao ndio wanaoendesha uchumi ambao barabara hizo zinadaiwa kuukuza.

Suala la nani anagharimia nini limepata uzito mpya. Mnamo 2025 serikali iliweka rehani Sh7 kati ya Sh25 zinazotozwa kila lita ya petroli na dizeli kama ushuru wa kukarabati barabara, ili ipate fedha za kuwalipa wanakandarasi madeni ya takriban Sh175 bilioni. Ushuru huo ulikuwa Sh18 hadi Julai 2024.

Kwa lugha nyepesi, abiria anayepanda matatu Umoja au Komarock, ambaye nauli yake hubeba bei ya mafuta, atakuwa akilipia kwa miaka kadhaa kazi zilizokwisha kufanywa kwingineko. Barabara ya mbele ya nyumba yake itasubiri.

Ufadhili wa kigeni si jambo geni Eastlands. Dandora ilianza mwaka wa 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: viwanja 6,000 vilivyotengewa maji na mabomba ya majitaka kabla ya wenyewe kujijengea. Buruburu ilisimama kwa fedha za shirika la Uingereza la CDC, nayo Umoja kwa msaada wa Marekani. Mipango hiyo ilikuwa na kasoro tele, lakini angalau ilianza na bomba na mtaro, ukuta ukafuata.

Siku hizi mambo yamegeuzwa juu chini. Tazama barabara ya Outering, yenye urefu wa kilomita 13, ambayo Halmashauri ya Barabara za Mijini (KURA) iliipanua katika muongo uliopita kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mradi huo uligharimu zaidi ya Sh7 bilioni. Hakuna anayekana kwamba ulipunguza msongamano uliokuwa ukiwakera wenye magari. Hata hivyo, magari yalianza kukimbia kabla madaraja ya waendao kwa miguu kukamilika, na habari za watu kugongwa wakivuka zikawa za kawaida magazetini. Daraja lilikuwamo katika michoro tangu mwanzo. Lilichelewa kwa sababu katika ratiba ya ujenzi anayetembea huhesabiwa mwisho.

Bandari kavu ya Embakasi nayo ilipanuliwa mwaka wa 2017, uwezo wake ukaongezwa kutoka makasha 180,000 hadi 450,000 kwa mwaka, ili kuipokea shehena ya reli mpya ya SGR. Agosti 2019 serikali iliagiza mizigo iletwe Nairobi kwa reli, amri iliyozua maandamano Mombasa, na Septemba 2022 Rais William Ruto akairejesha kazi ya kutoa mizigo huko Pwani. Katika mvutano huo wote kati ya miji miwili, sikumbuki kusikia mtu akiuliza jinsi malori hayo yangewaathiri majirani wa bandari hiyo ya nchi kavu.

Kiini cha tatizo kimo katika Katiba ya 2010. Barabara za ndani ya mitaa ni za kaunti, na kaunti haiwezi kukopa bila dhamana ya serikali kuu na idhini ya bunge lake. Serikali kuu, kwa upande wake, hudhamini kwa urahisi barabara kuu, reli na kila kinachounganisha nchi na majirani zake. Mkopeshaji naye hupendelea mradi mmoja mkubwa kuliko vichochoro mia moja. Matokeo yake ni kwamba fedha hufika Outering zikasita hapo, mita chache tu kutoka mlangoni pa mkazi.

Si kwamba haiwezekani kufanya vingine. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Wakazi, vyuo vikuu na mashirika ya kijamii waliketi pamoja kuamua mahali pa kupitisha barabara, maji na majitaka huku wakiepuka kuwafurusha watu wengi. Kuanzia 2020 Shirika la Huduma za Jiji (NMS) liliweka lami katika baadhi ya njia za huko. Kisha, kana kwamba hakuna aliyejifunza lolote, mwaka wa 2021 nyumba za maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara ya kupunguza msongamano katika Eneo la Viwanda.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliyasomba makao Mathare na Mukuru. Maji hayo hayakuuliza ni mtaro upi wa kaunti na upi wa serikali kuu.

Mwishoni mwa 2025 serikali ilitangaza azma ya kuanzisha Hazina ya Kitaifa ya Miundombinu. Wabunge wa Embakasi, Makadara, Kamukunji na Mathare wana nafasi ya kudai sharti moja kabla ya fedha hizo kugawanywa: kila barabara kuu inayokatiza mtaa ihesabiwe pamoja na mitaro, vivukio na njia za miguu zinazoifikia, katika mkataba mmoja, na mwanakandarasi asipewe malipo ya mwisho hadi daraja la waendao kwa miguu lifunguliwe.