Paladini akitaka fani ya pili, asiwasahau wenzake

Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974, huchezwa mezani kwa kete, karatasi na masimulizi. Mtoto anayecheza paladini, shujaa wa upanga na kiapo, hufika mahali akatamani kumwongezea fani ya pili. Mzazi asimkatalie, bali amuulize: kwa nini sasa?

Kwa kanuni za mwaka 2014, paladini anayechanganya fani lazima awe na nguvu 13 na haiba 13. Fani ya mwenye uchawi wa kuzaliwa nao humfaa, kwani nayo hutegemea haiba. Tatizo ni haraka. Ngazi ya 5 humpa paladini pigo la ziada katika zamu yake. Ngazi ya 6 humpa kinga inayowafunika wenzake walio ndani ya futi 10, ikiongeza kete zao za kujiokoa.

Akihama ngazi ya 4, vyote viwili huchelewa, na mdogo wake anayecheza naye hubaki bila kinga hiyo. Basi kabla ya kubadili karatasi yake, awaulize kwanza wenzake wa mezani. Ushujaa ni pamoja na kujua nani anakutegemea.