Ajira kwa Wenye Usonji: Wapimwe kwa Kazi, si kwa Usaili

Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa watu wenye ulemavu hawapungui asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Kwa hesabu hiyo, kiwanda cha Chang'ombe chenye wafanyakazi 200 kinapaswa kuwa na watu 6 wenye ulemavu, na ghala la Mikocheni lenye watu 100 liwe nao 3. Kabla ya hapo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikwishakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ulemavu. Sheria basi tunazo. Swali letu ni hili: katika hao sita, je, kijana mwenye usonji yumo?

Kwa maoni yetu, ni nadra kuwamo. Mwajiri asikiapo neno "ulemavu", fikra zake huenda kwenye kiti cha magurudumu, fimbo nyeupe au lugha ya alama. Usonji hauonekani kwa macho. Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na wenzake, na namna anavyopokea sauti, mwanga na mabadiliko ya ghafla. Tena haifanani kwa wote: wapo wasiosema kabisa, na wapo waliohitimu masomo ya juu. Waarabu huiita tawahhud, neno lenye asili ya upweke. Lakini tukitazama kwa insafu, sehemu kubwa ya upweke huo tumeijenga sisi tunaowafungia milango.

Mlango wa kwanza kufungwa ni usaili. Kijana anaingia chumbani na kukuta watu watatu asiowajua. Anaambiwa, "Hebu jieleze," naye hajui aanzie wapi. Hawatazami usoni, anajibu kwa neno moja, au ananyamaza. Wasaili wanaandika kuwa hajiamini na hafai. Ilhali kazi iliyotangazwa ni kupanga vipuri ghalani, kukagua nguo zilizoshonwa au kuingiza hesabu kwenye kompyuta. Hakuna hata moja katika hizo inayohitaji ufasaha mbele ya wageni. Amenyimwa kazi anayoiweza kwa kushindwa jambo lisilohusiana nayo.

Wenzetu wa mbali wamelitambua hilo. Mwaka 2004 huko Denmark, Thorkil Sonne, baba wa mtoto mwenye usonji, alianzisha kampuni ya Specialisterne ili kuwaajiri watu wa namna hiyo katika kukagua programu za kompyuta. Badala ya kutegemea mahojiano, waombaji walipewa roboti za Lego waziunde na kuziongoza, wakatazamwa wanavyofanya. Mwaka 2013 kampuni ya SAP ya Ujerumani ikatangaza kushirikiana nao kuajiri wenye usonji.

Nasi tuna mfano wa kale zaidi. Abdallah bin Ummi Maktum (r.a.) alikuwa kipofu, naye alikuwa muadhini wa Mtume (s.a.w.) pamoja na Bilal (r.a.). Kwa kuwa hakuweza kuiona alfajiri, hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kuwa kumekucha. Tulizingatie jambo hili. Alipungukiwa na kitu kimoja, akakamilishiwa hicho kimoja, na kazi iliyobaki akaifanya mwenyewe. Hakuwekwa pembeni akangoja sadaka.

Anachohitaji mwenye usonji kazini mara nyingi ni cha kiasi hicho hicho: maelekezo ya maandishi au picha, hatua kwa hatua, ratiba isiyobadilishwa bila taarifa, mahali penye utulivu, na msimamizi mmoja anayejulikana wa kumuuliza.

Wapo watakaosema: vijana wasio na ulemavu wenyewe wamejaa vijiweni Tandika na Mwananyamala bila kazi, vipi tuwatangulize hawa? Jawabu letu ni kwamba hatuombi watangulizwe. Tunaomba mizani iwe ya haki. Kila mwombaji apewe kazi yenyewe aijaribu kwa siku kadhaa, kwa ujira, na anayeiweza aajiriwe kwa mkataba na malipo sawa na wenzake.

Hapa ndipo jamaa wa misikiti wanapohusika moja kwa moja. Karakana za samani za Keko, maduka ya jumla ya Mbagala na wachapaji wa Magomeni, wengi wao hawafikishi wafanyakazi 20, hivyo kile kiwango cha asilimia 3 hakiwagusi. Mlango huo hautafunguliwa na mkaguzi wa serikali. Utafunguliwa na mwenye duka anayeswali safu moja na baba wa kijana huyo. Maimamu nao wawakutanishe wawili hawa.

Wazazi nao wasiwafiche watoto wao. Wawapeleke hospitali ili hali zao zithibitishwe kwa maandishi, wawazoeshe kazi za mikono mapema, na waulizie mafunzo, ukiwemo uwezekano wa nafasi katika chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu kilichopo Yombo, Temeke. Mzazi hataishi milele. Siku atakapofariki, mwanawe atahitaji zaidi ya huruma za majirani: atahitaji chumo lake mwenyewe. Basi tumwandalie leo, wazazi wake wangali hai.

Wabillahi Tawfiq.